Aitwe Kwanza, Asikilizwe

Katika miaka yangu yote ya ualimu, neno nililolisikia mara nyingi kuliko maneno mengine si "nimeelewa" wala si "sijaelewa". Ni "nimeonewa". Alilisema mwanafunzi aliyepewa adhabu, mwalimu aliyenyimwa nafasi ya kwenda kusoma, mpishi aliyekatwa mshahara, na mzazi ambaye mwanawe alirudishwa nyumbani na barua mkononi. Baadhi yao walikuwa wameonewa kweli. Baadhi yao walikuwa wakitafuta pa kujificha. Mkuu wa shule au wa chuo anapaswa kuwatenganisha watu hao, naye hana chombo cha kuwatenganisha ila uchunguzi.

Sasa nimepita miaka sabini na nimestaafu. Nakaa Muleba pamoja na migomba na mibuni yangu, na wajukuu wangu wawili wamo katika vyuo vikuu. Wakija likizo hunisimulia habari za huko: mhadhiri fulani ameshitakiwa na wanafunzi wake, mwanafunzi fulani amesimamishwa masomo, mfanyakazi fulani wa ofisi ameandikiwa barua isiyo na jina. Huniuliza, "Babu, hapo nani ana haki?" Nami huwajibu kwa swali: "Je, wote wawili wameitwa na kusikilizwa?" Mara nyingi hunyamaza.

Msomaji wangu, nataka katika kurasa hizi chache kueleza kwa nini swali hilo kwangu ndilo la kwanza. Mahali pa elimu huweza kumwonea mtu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumhukumu mtuhumiwa kabla ya kumwita. Ya pili ni kumwacha mlalamikaji alie peke yake mpaka achoke. Watu wengi hudhani kuwa njia hizi zinapingana, yaani ukimlinda mmoja unamwacha mwingine. Mimi naamini kuwa ugonjwa ni mmoja, na dawa yake ni moja.

Nianze na nyumbani. Kabla tawala za bakama hazijafutwa mwaka 1963, kila kijiji cha Uhaya kilikuwa na mukungu wake, na ugomvi mwingi uliishia kwake na wazee wenzake. Nikiwa mtoto wa miaka tisa au kumi niliona majirani wawili wakigombania mpaka wa kibanja. Wazee hawakukaa barazani na kuamua. Walikwenda kibanjani. Walimwita wa kwanza akasema, wakamwita wa pili akasema, kila mmoja mbele ya mwenziwe. Kisha wakaufuata mpaka kwa miguu, wakitazama mti mmoja mmoja wa mlamula, mti ule unaopandwa katika mipaka ya vibanja vyetu. Masikioni mwetu Wahaya, jina la mti huo liko karibu na okulamula, yaani kuamua ugomvi. Mwisho wakawauliza majirani wa pande nyingine, watu wasio na faida katika shauri lile. Hukumu ilitoka jioni, nayo ilitolewa kwa sababu zake.

Sisemi kwamba mabaraza yale yalikuwa ya malaika. Mwanamke alisikilizwa kwa shida katika mambo ya ardhi, na mwenye pombe nyingi ya ndizi alipata marafiki wengi. Sheria zetu za kimila ziliandikwa na Hans Cory na Hartnoll katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1945, na anayekisoma ataona jinsi zilivyompendelea mwanamume. Hata hivyo utaratibu wa kusikiliza pande zote, kwenda kuona kwa macho, na kuuliza asiye na faida, tulikuwa nao kabla hatujajenga chuo hata kimoja.

Ili msomaji asidhani kuwa haya ni mambo ya migombani tu, nimpeleke Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1718 chuo hicho kilimvua digrii zake zote Richard Bentley, mwanazuoni mashuhuri na mkuu wa Trinity College, kwa sababu ya ugomvi na wakubwa wa chuo. Bentley hakuwa mtu mpole. Alikuwa mgomvi, na maadui zake walikuwa wengi. Lakini chuo kilimvua digrii bila kumwita ajitetee. Shauri lilifika katika mahakama ya mfalme, na mwaka 1723 mahakama ikaamuru arudishiwe digrii zake. Jaji mmoja, Fortescue, alitoa hoja ambayo wanasheria wanaikumbuka hadi leo: hata Mungu, aliyeyajua yote, hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza. Ikiwa Yeye ajuaye yote aliuliza, sisi tusiojua mengi tutaachaje kuuliza?

Naipenda habari hii kwa sababu Bentley hakuwa mtu wa kupendeka. Ni rahisi kumsikiliza mtu mpole anayetuheshimu. Uchunguzi wa haki hupimwa kwa namna tunavyomtendea yule tusiyempenda.

Nchi yetu nayo ilipata mtihani huo mapema. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililosema maisha yalikuwa bora wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika sana. Wanafunzi zaidi ya 300 walirudishwa makwao siku zile zile. Mwalimu alipunguza pia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na kwa hilo wengi walimsifu. Mwaka uliofuata wengi wa wanafunzi wale waliruhusiwa kurudi.

Mimi nilikuwa kijana wa shule, na tulipopata habari hizo tulishangilia. Wasomi walikuwa na kiburi, tulisema, na kiburi kile kilikuwapo kweli. Lakini leo natazama jambo jingine. Mwalimu alikuwa Rais wa nchi, tena alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambacho chuo cha Dar es Salaam kilikuwa sehemu yake. Waliotukanwa, waliohukumu na walioadhibu walikuwa upande mmoja. Kati ya wale zaidi ya 300 hapakosekani aliyeandika bango, aliyelifuata kundi kwa kuogopa wenzake, na aliyekwenda kutazama tu. Wote walipanda gari moja. Adhabu ya jumla haina uchunguzi ndani yake, kwa kuwa haimtafuti mtu. Inatafuta kundi.

Miaka mitano baadaye jambo likatokea tena kwa sura nyingine. Mwezi Julai 1971, Simon Akivaga, Mkenya aliyekuwa rais wa chama cha wanafunzi, DUSO, alifukuzwa chuoni baada ya wanafunzi kuandika barua ya wazi ya kumlaumu Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa. Askari wa kikosi cha kutuliza ghasia waliingia chuoni wakamchukua, naye akarudishwa Kenya. Wanafunzi walisusia masomo, na baadhi ya wahadhiri wakasimama upande wao. Kamati ya kuangalia chanzo cha mgogoro iliundwa baadaye. Hapo msomaji aone mpangilio wake: kwanza askari, kisha kamati. Kamati inayokuja baada ya adhabu haiwezi kuchunguza kwa uhuru, maana kila inachokigundua ama kitamwaibisha aliyekwisha kuadhibu, ama kitatafutiwa namna ya kumfurahisha. Tena aliyelaumiwa katika barua ile alikuwa mkuu wa chuo kile kile. Katika shauri la namna hiyo, mkuu anapaswa kukaa pembeni na kumwachia mwingine, si kwa kuwa ni mwovu, bali kwa kuwa ni binadamu.

Hayo ni madhara ya kutomwita mtuhumiwa. Mwaka 1990 chuo hicho hicho kilitufundisha madhara ya upande wa pili.

Kwa miaka mingi palikuwapo Mlimani desturi iliyoitwa Punch. Yalikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku, bila jina la mwandishi. Wanaoifahamu historia yake husema mwanzoni ilikuwa silaha ya kuukosoa utawala, lakini baadaye ikageuka kuwa fimbo ya kuwachapia wasichana. Msichana aliyeandikwa alivuliwa heshima yake mbele ya wote, na wenzake walikatazwa hata kuzungumza naye. Levina Mukasa, mwanafunzi wa chuo hicho, alisumbuliwa na wanafunzi wa kiume na kuandamwa kwa namna hiyo, na mwezi Februari 1990 akajitoa uhai. Nchi nzima ilishtuka. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliifuatilia habari ile kwa nguvu, na Punch ikapigwa marufuku.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa shule, nami nilikuwa na binti wawili nyumbani. Nilijiuliza: je, chuo kizima kilikuwa hakijui? Karatasi zilibandikwa ukutani, mahali pa wazi, nao wahadhiri na walezi walipita hapo kila siku. Neno lililotumika lilikuwa "utani". Mambo ya vijana. Desturi ya mahali. Lalamiko likiitwa utani, halifunguliwi faili, na lisipofunguliwa faili halichunguzwi. Mlalamikaji naye hujifunza haraka kwamba kusema ni kujiongezea maadui.

Na tutazame Punch yenyewe ilikuwa nini. Ilikuwa ni shitaka lisilo na mshitaki, hukumu isiyo na kikao, na adhabu isiyo na rufaa. Kwa hiyo Levina alionewa mara mbili: kama mtuhumiwa wa ukutani asiyeitwa kujibu, na kama mlalamikaji asiyepata mlinzi. Ndiyo sababu nilisema mwanzoni kuwa ugonjwa ni mmoja. Mahali ambapo watu huhukumiwa bila kuitwa ndipo pia ambapo watu hulia bila kusikilizwa.

Nieleze sasa shauri moja nililolishiriki mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, mbali na mkoa wetu. Mwanachuo wa kike alilalamika kuwa mkufunzi mmoja amemfelisha mazoezi ya kufundisha kwa sababu alimkatalia ombi ambalo mkufunzi hapaswi kumwomba mwanafunzi wake. Mkuu wa chuo aliteua kamati ya watu watatu, mimi nikiwa katibu. Jambo la kwanza kutushughulisha lilikuwa mwenyekiti: mzee aliyeteuliwa alikuwa rafiki mkubwa wa mtuhumiwa, walikuwa wakinywa pamoja kila Jumamosi. Mama mmoja katika kamati, mlezi wa wanachuo, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, hata ukisema kweli, hawatakuamini." Mzee alikaa kimya kidogo, akakubali, akampisha mwingine. Namheshimu kwa hilo.

Binti yule tulimsikiliza siku moja tu, mlezi akiuliza na mimi nikiandika, kisha nikamsomea maneno yake naye akayasahihisha. Hatukumwita tena na tena kurudia aibu yake. Mkufunzi naye alipewa lalamiko kwa maandishi, akapewa siku za kujiandaa, akaja na mwenzake wa kumsindikiza. Alikana yote. Tukawa na neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine.

Ndipo tulipokwenda kwenye karatasi, kama wazee walivyokwenda kwenye milamula. Fomu za tathmini zilionyesha kuwa mkufunzi alimkagua binti yule darasani siku fulani ya Alhamisi. Daftari la safari za gari la chuo lilionyesha kuwa Alhamisi hiyo gari lilikuwa gereji. Mwalimu mkuu wa shule ile, ambaye hakuwa na faida yoyote katika shauri letu, alitupa kitabu cha wageni, na jina la mkufunzi halikuwamo. Alikuwa ametoa alama za somo ambalo hakulitazama. Hilo lilithibitika bila shaka. Lile ombi, sisi watatu tuliliamini moyoni, lakini tulikuwa na neno la binti yule na la mwenzake mmoja aliyesema aliwahi kusumbuliwa hivyo hivyo. Tuliandika katika taarifa mambo mawili kwa kuyatenga: hili limethibitika kwa karatasi hizi, na hili tumelisikia kwa watu hawa wawili, nasi tunawaona ni wakweli kwa sababu hizi. Hatukukoleza la pili kwa wino wa la kwanza.

Binti alikaguliwa upya na wakufunzi wawili wa nje, akafaulu. Mkufunzi alihamishwa. Barua ya uhamisho haikutaja sababu, na chuo alichopelekwa hakikuambiwa lolote. Wakubwa walisema wanalinda jina la chuo. Jambo hilo liliniuma wakati ule na linaniuma mpaka sasa, maana huko alikokwenda walikuwako mabinti wengine. Uhamisho si hukumu. Kama mtu hana kosa, aachwe mahali pake na jina lake lisafishwe wazi. Kama ana kosa, aadhibiwe kwa kosa hilo. Kumsogeza mtu kutoka mkoa hadi mkoa ni kulihamisha lalamiko, nalo litafunguliwa upya na mtoto wa mtu mwingine.

Tangu wakati huo nchi imeandika mengi. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba mwaka 1984, ibara ya 13 ilitamka kuwa haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho, asikilizwe kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Maneno "chombo kinginecho" yana uzito kwetu walimu. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo. Mwaka 1998 ilitungwa sheria ya makosa ya kujamiiana, na sheria ya rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, ilifanya kosa kwa mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo. Mwaka huo huo kanuni za kazi zilieleza kuwa mwajiri achunguze kwanza kama kuna jambo la kujibu, mfanyakazi apewe muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, aruhusiwe kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na anayeongoza kikao asiwe mtu aliyehusika katika jambo lenyewe. Ukizisoma kanuni hizo, utawakumbuka wazee kibanjani.

Lakini sheria hukaa kabatini kama hapana mtu wa kuitoa. Mwezi Agosti 2018, hapa kwetu Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Alipigwa, akafa. Mkoba ule haukuibwa. Ulikuwa umesahauliwa kwenye pikipiki iliyomleta mwalimu shuleni, na mwenye pikipiki akaurudisha. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliyoketi Bukoba ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa mauaji na kumwachia huru mwingine. Kila nikiwaza habari hiyo nafikiri juu ya swali moja ambalo lingemaliza shauri lile: "Mwalimu, umeuona lini mara ya mwisho?" Swali hilo huchukua dakika moja. Mtoto yule hakupewa dakika hiyo.

Kwa hiyo nawaambia wajukuu wangu, na vijana wote ambao siku moja watakaa nyuma ya meza ya ukubwa. Lalamiko likija, lipokeeni kwa maandishi, hata kama mlalamikaji ni mtu wa kuchosha. Barua isiyo na jina msiichome wala msiiamini. Itumieni kama mtu anavyotumia harufu ya moshi, mkatazame kama kuna moto. Mtuhumiwa apewe maneno ya shitaka lake kamili, si uvumi wake. Asihukumu mwenye ugomvi wala rafiki wa mwenye ugomvi. Nendeni mkaone kwa macho. Waulizeni wasio na faida. Andikeni kilichothibitika mbali na mnachokiamini. Toeni uamuzi wenye sababu, upesi, kwa pande zote mbili, na mwoneshe njia ya rufaa.

Kisha mlindeni aliyesema, hata baada ya faili kufungwa, kwa sababu wengine wenye malalamiko wanamtazama yeye ili wajue kama na wao waseme.